Nambari Tatu Zinazofika Kilelengwani

Kilelengwani ni kijiji cha delta ya Tana, upande wa Kipini, kule ambako mto umeshachoka kwenda moja kwa moja na unajigawa vijito na mabwawa kabla ya kuonja chumvi. Wapokomo hulima kingo zake, Waorma huleta ng'ombe wao kiangazi kikikaza, na maji yakipanda kila mmoja hutafuta palipoinuka. Septemba 2012 jina la kijiji hiki lilijaa magazetini kwa sababu ya umwagaji damu, kisha waandishi wakaenda zao. Mimi nalitaja kwa jambo dogo, dogo kiasi kwamba hata anayelibeba mfukoni huenda hajawahi kuliangalia mara mbili: nambari tatu zenye nukta katikati, tuseme 4.5.2, zilizojificha kwenye ukurasa wa maelezo ya programu, ndani ya simu ya mhamasishaji wa afya ya jamii.

Simu hizo zilikuja na begi. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua ugawaji wa vifaa kwa wahamasishaji 100,000 nchi nzima: mizani, kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto, na simu ya kuwekea yote hayo kumbukumbu. Ndani ya simu mna eCHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya ya jamii. Chini ya eCHIS kuna msingi unaoitwa Community Health Toolkit, programu huria inayolelewa na shirika la Medic, na sehemu ya wasanidi wake wako Nairobi. Msingi huo ulitengenezwa kwa kudhani kwamba mtandao haupo. Mhamasishaji anaingia nyumbani kwa watu, anajaza fomu ya mtoto mwenye homa, na taarifa inalala ndani ya simu mpaka siku atakapofika penye mtandao, ndipo simu na seva zikapatana.

Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya masika ya 2024 yaliyofuata, yaliwafundisha tena watu wa delta maana ya kukatika. Barabara ikizama, mengi husubiri. Simu inaweza kukaa siku nyingi na programu ya zamani huku seva ikiwa imeshahamia mpya. Hebu msikilize msimamizi aliye Garsen akimpigia mhamasishaji ambaye fomu yake imegoma kufunguka.

"Dada, fungua pale kwenye maelezo ya programu, unisomee nambari."

"Nne, nukta tano, nukta mbili."

"Sawa. Usiifute programu hata kidogo, taarifa zako bado zimo humo. Ngoja ufike penye mtandao, itajisasisha."

Mazungumzo ya namna hiyo huisha haraka kwa sababu nambari zile zinasema ukweli. Zingekuwa za kubahatisha, yule dada angeambiwa azime simu, awashe, afute, aanze upya, na homa za watoto wa wiki nzima zingepotelea hewani.

Nambari zimechezewa sana katika historia ya programu, tena na watu wakubwa. Donald Knuth, aliyetengeneza TeX ya kupangia vitabu vya hisabati, alipoona kazi yake imekamilika aliamua kwamba kila akirekebisha kasoro ataongeza tarakimu moja ya pai. Mwaka 2021 alikuwa amefika 3.141592653. Ameagiza kwamba siku akifa nambari ibaki kuwa pai yenyewe, na kasoro zitakazokuwa zimesalia zihesabiwe kuwa ndivyo programu ilivyo. Linus Torvalds naye, baba wa Linux, alipovuka kwenda 5.0 mwaka 2019 alisema wazi kwamba hatua ile haina maana yoyote, isipokuwa vidole vya mikono na miguu vimemwishia kuhesabia. Nawaheshimu wote wawili. Lakini nambari ya Knuth ni ya mtu mmoja anayeijua kazi yake yote kichwani, na ya Torvalds inasomwa na watu wanaojua kwamba haina maana. Msimamizi wa Garsen hana nafasi ya utani huo.

Aliyeweka kanuni iliyoshika ni Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Waraka wake unaitwa Semantic Versioning, watu wa kazi husema SemVer, na nakala inayotumika hadi leo ni 2.0.0 ya mwaka 2013. Napenda kwamba waraka wenyewe unavaa nambari kwa sheria ulizoziandika. Sheria ni hizi: nambari ya kulia hupanda ukiwa umerekebisha kasoro na hukugusa kingine. Ya kati hupanda ukiwa umeongeza kitu, na vyote vilivyokuwapo bado vinafanya kazi kama jana. Ya kushoto hupanda ukiwa umebadilisha au umeondoa kitu ambacho wengine walikiegemea. Nambari ikipanda, zilizo kulia kwake hurudi sifuri. Na toleo likishatoka, halifunguliwi tena kurekebishwa kimyakimya. Ukikuta kosa, unatoa jingine.

Mtu asiyezoea hujikwaa kwenye nukta. Toleo la 3.10 linakuja baada ya 3.9, kwa sababu nukta hizi hazihesabu sehemu za kumi. Community Health Toolkit yenyewe ilipita hapo: mstari wake wa tatu ulitoka 3.9 ukaenda 3.10 na kuendelea hadi 3.17, ndipo mwaka 2022 ikaja 4.0, iliyohamishia seva kwenye makontena ya Docker na kubadilisha injini inayoonyesha fomu. Kuvuka pale kulihitaji watu kukaa chini na kupanga siku. Nambari ya kushoto iliwaambia hivyo kabla hawajasoma neno lolote.

Watu wa delta wanajua kinachotokea pasipokuwa na nambari ya kushoto. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, ili mitumbwi ipite. Maji yakaupenda, mto wenyewe ukahamia humo, na mlango wake ukawa Kipini. Waliokuwa wakilima kwa maji ya mkondo wa zamani hawakuletewa taarifa. Programu inayobadilika bila kusema humfanyia hivyo kila aliye chini yake.

Na walio chini ni wengi kuliko anavyodhani anayeandika. Programu ya leo hujengwa kwa vifurushi vya wengine, na kila kifurushi kimejengwa kwa vingine. Kwenye orodha ya mahitaji yake msanidi huandika ^4.5.2, maana yake: nikubalie chochote kipya mradi hakijafika 5.0.0. Au huandika ~4.5.2 akiwa mwoga zaidi, akikubali marekebisho ya kulia tu. Mashine husoma alama hizo usiku watu wamelala na kuleta matoleo mapya bila kuuliza. Kwa hiyo mtu akiita badiliko kubwa "marekebisho madogo", uongo wake unasambazwa na mashine mpaka kwa watu asiowajua.

Watu huongopa, mara nyingi bila nia mbaya. Msanidi huiogopa nambari ya kushoto kama deni. Akiipandisha mara mbili katika mwezi mmoja ataonekana hakufikiri vizuri tangu mwanzo, basi hulifinyanga badiliko mpaka litoshee katikati. Mkuu wake anataka kinyume: mkutano wa wafadhili uko karibu, na 5.0 ingependeza ukutani. Mwingine amechoka, ni Ijumaa jioni, anapandisha ya kulia na kwenda nyumbani. Kutoka katika uchovu huu Stephan Bönnemann alianzisha zana iitwayo semantic-release. Walioitengeneza wanakiri bila aibu lengo lao: kuzitenga nambari na hisia za binadamu. Zana haina skrini ya kupendeza. Inaamrishwa kwa maandishi, inasoma ulichoandika ulipobadilisha programu, inaamua nambari, inaandika maelezo, inatoa toleo.

Sasa nifafanue, kwa sababu ni rahisi kuipa mashine sifa isiyo yake. Nambari ya msingi wa Community Health Toolkit, ile anayoisoma dada yule simuni, bado hupangwa na watu kwa kufuata SemVer. Lakini fomu anayoijaza imepita kwenye zana nyingine iitwayo cht-conf. Maswali ya homa, kikohozi na chanjo huandikwa kwanza kwenye jedwali la Excel, safu moja swali moja, na cht-conf hulichukua jedwali hilo, hulitafsiri kuwa fomu ambayo simu inaielewa, kisha huipandisha kwenye seva. Nambari ya cht-conf hutolewa na semantic-release. Walezi wake wameliandika sharti bila kumung'unya: ujumbe wa badiliko usipofuata muundo uliokubaliwa, utoaji wa toleo utakwama.

Mtu anayeisimika zana hii mahali kwa mara ya kwanza, nitamwita fundi, haanzi kwa kuisimika. Anaanza kwa kusoma. Git, ambayo Torvalds aliiandika mwaka 2005, hutunza kila badiliko pamoja na ujumbe wa aliyelifanya, na amri git log huyamwaga yote skrini nzima. Hapo utakuta tabia za watu: "sasisho", "marekebisho", "sasa iko sawa", "sasa iko sawa kweli". Fundi mwenye haraka hucheka na kupita. Mwenye subira hukaa, maana hiyo ndiyo lugha ambayo mashine itatakiwa kuielewa, na haiwezi.

Lazima basi kuwe na mapatano, na mapatano yapo tayari. Timu ya Angular, mfumo wa kujengea programu za wavuti, ndiyo iliyoanza kuandika ujumbe wa mabadiliko kwa muundo mmoja, kisha muundo huo ukapanuliwa na kuitwa Conventional Commits. Ujumbe huanza na neno moja na nukta pacha. Ukiandika fix: umerekebisha kasoro, nambari ya kulia itapanda. Ukiandika feat: umeongeza kipengele, itapanda ya kati. Ukiandika chore: au docs: umefagia ua tu, hakuna toleo. Na chini kabisa ya ujumbe, kwenye mstari wake peke yake, ukianza na BREAKING CHANGE na nukta pacha, umevunja jambo, nayo ya kushoto itapanda hata kama neno la kwanza lilikuwa la unyenyekevu.

Baada ya neno hilo la kwanza, mashine haijali lugha. Ujumbe unaosema fix: zuia fomu ya homa kujifunga kabla tarehe haijajazwa unapandisha nambari sawasawa na wa Kiingereza, na huonekana vilevile kwenye maelezo ya toleo. Timu za kwetu haziitumii nafasi hii, na mimi naona ni hasara. Maelezo ya toleo yangeweza kumfikia msimamizi wa Garsen bila mkalimani.

Kupatana ni rahisi, kukumbuka ndiko kugumu, kwa hiyo fundi anaweka mlinzi. Commitlint husoma ujumbe, husky humwita kila mara mtu anapojaribu kuhifadhi badiliko, na ujumbe usiofuata muundo hurudishwa mlangoni. Hapa nimeona wepesi na uzito wa mkono vikitofautiana. Fundi wa mkono mzito huweka sheria nyingi siku ya kwanza, urefu wa mstari, herufi ndogo, orodha ya maeneo yanayoruhusiwa, na wiki ya pili wenzake wamejifunza kumkwepa mlinzi kwa swichi ya --no-verify. Wa mkono mwepesi huweka sheria chache ambazo zana inazihitaji kweli. Pia anajua kwamba mlinzi wa kwenye kompyuta ya mtu anakwepeka, na timu nyingi huyabana mabadiliko yote ya tawi kuwa moja wakati wa kuunganisha, na kichwa cha ombi la kuunganisha ndicho kinachokuwa ujumbe. Basi anamweka mlinzi wa pili huko, kwenye kichwa cha ombi. Mengi ya kazi ya zana hii yanaamuliwa pale, katika mstari mmoja ambao watu wengi hawaufikirii.

Kuna mtego mwingine wa alama moja. Conventional Commits inaruhusu alama ya mshangao kabla ya nukta pacha, feat!: yaani nimeongeza na nimevunja. Lakini kanuni ya Angular, ambayo semantic-release huifuata usipoielekeza kwingine, kwa miaka mingi haikuisoma alama hiyo. Msanidi anaamini ametangaza, mashine haikusikia. Fundi mzuri haamini nyaraka hapa. Anajaribu kwa ujumbe wa uongo kwenye hazina ya majaribio na kuangalia nambari gani imetoka.

Kisha inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote, na inachukua amri moja. Programu iliyokwisha kuishi ina nambari tayari, tuseme 2.3.1, iliyoandikwa kwa mkono. Semantic-release haisomi faili la mradi kujua ilipo. Inatafuta lebo kwenye historia ya Git. Isipoona lebo, inaamini kwamba hakuna toleo lililowahi kutoka, na itatangaza 1.0.0 kwa furaha, nyuma ya mahali ambapo watu wameshafika. Fundi anarudi kwenye historia, anatafuta badiliko lenyewe ambalo 2.3.1 ilitoka nalo, si lililo jirani yake, na kulifunga lebo v2.3.1. Akikosea kwa badiliko moja, maelezo ya toleo la kwanza yatarudia kitu kilichokwisha tangazwa au kukiacha kilichokuwa kinasubiri. Kulitafuta badiliko hilo kunaweza kula asubuhi nzima, kwa kulinganisha kifurushi kilichochapishwa na historia, faili kwa faili. Hakuna atakayejua kwamba asubuhi hiyo ilitumika.

Nambari iliyokuwa ndani ya faili la mradi hubadilishwa iwe 0.0.0-development. Mgeni akiiona hushtuka, lakini ni heshima kwa msomaji: inamwambia kwamba nambari ya kweli haitafutwi hapa tena.

Faili la mipangilio ni fupi. Linataja tawi ambalo matoleo hutoka, na pengine tawi la pili la beta, ambalo matoleo yake huvaa mkia, kama 3.0.0-beta.1, na kwa sheria za SemVer huhesabiwa kuwa madogo kuliko 3.0.0 kamili. Linaorodhesha programu-jalizi: ya kuchambua ujumbe, ya kuandika maelezo, ya kuchapisha kwenye ghala la vifurushi la npm, ya kutangaza GitHub. Mpangilio wa orodha una maana, kwa sababu katika kila hatua huitwa kwa zamu hiyo hiyo. Ukitaka zana ihifadhi faili la historia ya matoleo ndani ya hazina, jalizi inayoliandika faili lazima itangulie ile inayolihifadhi. Ukizipindua, unahifadhi faili la jana kila siku, na huenda miezi ikapita kabla mtu hajang'amua.

Zana haikimbii kwenye kompyuta ya fundi. Inakimbia kwenye mtambo unaojiendesha, mara nyingi GitHub Actions, baada ya majaribio yote kupita. Mtambo huo, kwa mazoea yake, huchukua badiliko la mwisho tu ili uende haraka. Kwa kazi nyingi inatosha. Kwa hii ni upofu, maana zana inayotakiwa kusoma historia imepewa ukurasa mmoja. Fundi anaandika fetch-depth: 0, yaani leta yote. Anatoa pia funguo za siri za kuchapishia, na hapa anakuwa bahili: kila kazi inapata ruhusa inayoihitaji na basi. Septemba 2025 vifurushi vingi vya npm viliambukizwa na mnyoo uliokuwa ukiiba funguo za aina hii na kujichapisha kwa jina la mwenye kifurushi. Aliyekuwa amegawa ruhusa kwa kipimo alikuwa na kidogo cha kuibiwa.

Halafu, kabla ya kuiachia, anaandika --dry-run. Zana inapitia kila kitu kana kwamba ni kweli: inahakikisha funguo, inatafuta lebo ya mwisho, inasoma mabadiliko yaliyofuata moja moja, na kwa kila moja inasema linastahili nini. Mwisho inatamka nambari ambayo ingetoka na maelezo ambayo yangeandikwa, kisha inaacha. Hakuna kilichochapishwa. Nimekaa pembeni ya watu wakiitazama skrini hiyo na nimeona jambo la kushangaza kidogo: wanasoma ujumbe wao wenyewe kwa mara ya kwanza. Waliuandika kwa Git, wakadhani ni wa Git. Ukitokea kwenye maelezo ya toleo, chini ya kichwa, tayari kwa mtu wa nje, mara wanaona haya, na wiki inayofuata wanaandika vizuri zaidi bila kuambiwa.

Uangalifu wote huu unatokana na sheria ile ya kutofungua toleo lililotoka. Npm inaisimamia kwa ukali: ukichapisha 2.4.0 kisha ukaiondoa, huwezi kuchapisha kitu kingine kwa nambari 2.4.0 tena. Nambari imetumika milele. Ndiyo maana kazi ya siku kadhaa inafanyika kwa ajili ya kitu kitakachotokea kwa sekunde chache.

Yapo ambayo zana hii haitayajua kamwe. Inaona kama uliandika fix:, haioni kama ulirekebisha. Msanidi aliyebadilisha jinsi umri wa mtoto unavyohesabiwa, kutoka miezi kamili hadi siku zilizogawanywa, anaweza kuliita rekebisho na mashine ikamkubalia. Hapo mlinzi ni mwenzake anayepitia kazi kabla ya kuunganishwa, na swali lake linatakiwa kuwa lile lile kila mara: nani aliegemea hili?

Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, aliwahi kueleza kanuni ambayo sasa huitwa kwa jina lake: programu ikipata watumiaji wa kutosha, kila tabia yake inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, hata tabia ambayo hukuiahidi. Wasanidi huichukulia kama kanuni ya msimbo. Mimi naiona zaidi kwenye kidole gumba. Mhamasishaji anayetembelea nyumba zipatazo mia moja hasomi fomu kila mara. Kidole kinajua kwamba swali la chanjo liko hapa, kitufe cha kumaliza kiko pale, na macho yake yako kwa mtoto. Siku swali jipya likiongezwa katikati ya ukurasa, SemVer itasema kwamba kimeongezwa kitu na hakuna kilichovunjika, nambari ya kati ipande. Kwa upande wa mashine ni kweli tupu. Kwa kidole kile, kila kilichokuwa chini ya swali hilo kimehama.

Waraka wa SemVer unaanza kwa kumtaka mwenye programu atangaze ni kipi hasa anachokiahidi, na sehemu hiyo ndiyo inayorukwa kuliko zote. Timu nyingi huichukulia kuwa imejibiwa na msimbo. Lakini hakuna kinachowazuia waandike kwamba mpangilio wa maswali kwenye skrini ya mhamasishaji ni sehemu ya ahadi, na kwamba anayeuhamisha aandike BREAKING CHANGE kwenye mstari wake na aeleze kimehama nini kikaenda wapi. Zana haitabisha. Itapandisha nambari ya kushoto, itaweka maelezo hayo juu kabisa ya toleo, na msimamizi wa Garsen atakuwa na la kuwaambia wahamasishaji wake kabla simu zao hazijajisasisha.